Stanley Tuliiona kwa Macho Tu

Abiria wengi huamini kwamba nahodha huamka alfajiri, akachungulia dirishani, akaona bahari imechafuka, ndipo akaamua kuiruka bandari. Ingekuwa hivyo, kazi yangu ingekuwa nyepesi. Nilikuwa karani wa mapokezi kwenye meli ya watalii iliyozunguka ncha ya Amerika Kusini, na siku ngumu kuliko zote kwenye meza ile zilikuwa siku za jua. Mvua ikinyesha na ukungu ukitanda, mtu anaelewa mwenyewe. Lakini jua linawaka, mji uko pale ng'ambo ya maji na mapaa yake ya rangi rangi, halafu spika zinasema leo hatuteremki! Hapo foleni inafika hadi kwenye lifti, na kila aliye kwenye foleni anakunyooshea kidole dirishani: hebu tazama, dada, bahari gani hiyo mnayoiogopa?

Mji ninaousema ni Stanley, makao makuu ya Visiwa vya Falkland, ambavyo Waargentina wanaviita Malvinas. Safari zetu zilianzia Buenos Aires, zikapitia Montevideo, kisha meli ikakata bahari wazi kuelekea kusini kwa siku mbili na ushei bila kuona nchi kavu. Baada ya Stanley ni Rasi ya Horn, Ushuaia, Punta Arenas, halafu kupanda na pwani ya Chile. Kwenye ratiba Stanley ni kituo kimoja kati ya vingi. Kwa abiria mambo ni mengine. Ukiikosa Ushuaia, utapanda ndege Buenos Aires mwaka ujao na utaifikia. Falkland haifikiki hivyo. Ndege za abiria ni za kuhesabu kwa wiki, na nauli yake si mchezo. Wengi waliokata tiketi ya safari ile ya siku nyingi walikuwa wameikata kwa ajili ya siku hiyo moja.

Wanaifuata kwa mambo mawili. La kwanza ni pengwini. Kuna pengwini karibu na mji, Gypsy Cove, mwendo mfupi tu wa gari. Lakini wale wakubwa wenye shingo ya rangi ya machungwa, wanaoitwa pengwini wafalme, kundi lao kubwa liko Volunteer Point, na kufika huko ni saa mbili na zaidi kwa gari la kupanda milima, sehemu ya mwisho ikiwa ni majani, mabonde na tope tupu. Kwenda na kurudi, pamoja na muda wa kuwatazama, siku yote imekwisha.

Jambo la pili ni vita. Tarehe 2 Aprili 1982 majeshi ya Argentina yaliviteka visiwa vile, Uingereza ikatuma manowari zake kutoka upande wa pili wa dunia, na tarehe 14 Juni Waargentina wakasalimu amri pale pale Stanley. Walikufa wanajeshi 649 wa Argentina na 255 wa Uingereza, pamoja na wanawake watatu wakazi wa visiwa. Baadhi ya Waingereza wamezikwa San Carlos, kwenye makaburi yanayotazama ghuba walikoshukia. Waargentina wako Darwin, kwenye uwanda wa upepo, chini ya misalaba myeupe. Kwa hiyo kila safari, ukiacha wapiga picha na wazee wanaohesabu nchi walizokanyaga, palikuwa na watu wachache waliobeba maua ya plastiki kwenye begi na hawasemi wanakwenda wapi mpaka uwaulize.

Sasa, Stanley haina gati la kupokea meli kubwa ya abiria. Tunatia nanga nje, kwenye ghuba inayoitwa Port William, na abiria wanapelekwa kwa boti kupitia mlango mwembamba hadi kwenye jeti ya mji. Boti zenyewe ni zile zile za kuokolea maisha unazoziona zimening'inia ubavuni mwa meli. Na hapo ndipo penye tatizo lote, ambalo mtu aliye ghorofa ya 5 mbele ya meza ya mapokezi hawezi kuliona.

Mimi nililiona kwa sababu siku za boti tulikuwa tukipangwa kwa zamu chini kabisa, kwenye mlango wa ubavuni unaokaribia usawa wa maji, kukagua kadi za abiria wanaotoka na wanaoingia. Pale chini bahari ni nyingine. Kutoka juu unaona maji yamelala, yamemetameta. Chini unaona boti imekaa sawa na jukwaa, mara imezama hadi unatazama paa lake, mara imepanda na kugonga mipira ya ubavuni. Mawimbi yale hayatoki pale. Yametoka kwenye dhoruba iliyopiga mbali kusini jana au juzi, yakasafiri peke yake, yakaingia ghubani wakati anga ni jeupe kabisa. Mabaharia wawili wanasimama mlangoni, mmoja huku na mmoja kule, wanamshika abiria si kiganja bali mkono juu ya kifundo, na wanamwambia: usiruke, subiri, subiri, haya sasa. Kijana anavuka bila kujua kuna jambo. Mzee wa miaka 80 mwenye fimbo, goti moja limefanyiwa upasuaji, anavuka kwa sekunde ambayo baharia amemchagulia. Akisita, sekunde imepita. Mguu ukibaki kati ya boti na meli, hakuna wa kuuokoa.

Sasa zidisha hilo kwa abiria elfu mbili, na wote ukawarudishe.

Kurudi ndiko kulikonifungua macho. Asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote, tulitia nanga mapema, upepo ulikuwa wa kawaida kwa huko, na jua kali la Januari. Boti mbili zilikuwa zimeshashushwa majini. Abiria wa Volunteer Point, ambao ndio huondoka wa kwanza, walikuwa wamekaa ukumbini na vibandiko vya namba kifuani, makoti wamevaa, kamera shingoni. Kisha boti zikapandishwa tena. Dakika chache baadaye tangazo likatoka, fupi na la kiofisi: kutokana na hali ya hewa, na kwa usalama wa abiria na wafanyakazi, hatutaweza kuteremka Stanley leo, asanteni kwa uelewa wenu.

Uelewa haukuwepo. Ungetoka wapi? Watu wamekaa siku mbili baharini wakisomewa mihadhara juu ya pengwini, wameshuhudia boti zikishushwa kwa macho yao, halafu wanaambiwa hali ya hewa, na dirishani hawaioni hiyo hali ya hewa. Bwana mmoja aliniambia kwa upole kabisa, nami nikaona upole ule ni mbaya kuliko kelele: "Bibie, mimi nimekuwa mtu wa mashua maisha yangu yote. Hii si hali ya hewa." Nyuma yake mama mmoja alikuwa akimweleza jirani yake kwamba meli hufanya hivi makusudi ili kasino na maduka yabaki wazi, kwa kuwa bandarini sheria za nchi huyafunga.

Hilo la kasino nimelisikia mara nyingi, na nalielewa, maana nusu yake ni kweli. Bandarini kasino na maduka hufungwa, na baharini hufunguliwa. Lakini meli huuza ziara za nchi kavu, na ziara hizo ni miongoni mwa vitu vinavyoiingizia pesa nzuri. Bandari ikirukwa, fedha zote za ziara za siku hiyo zinarudishwa kwa abiria. Wahasibu wetu hawakuwa watu wa kufurahia siku kama ile, na meneja wa ziara alikuwa akipita mbele ya meza yetu kama mtu aliyefiwa.

Saa tatu asubuhi nahodha alifanya jambo ambalo sikuwahi kumwona nahodha mwingine akilifanya. Aliwaita abiria ukumbi wa maonyesho, akapanda jukwaani mwenyewe, akaweka ramani ya upepo kwenye skrini kubwa. Hakuomba radhi kwa maneno mengi. Alisema: sasa hivi upepo ni noti 22, yaani maili 22 za baharini kwa saa, na kwa upepo huu naweza kuwapeleka nyote mjini. Saa nne utafika 28. Saa nane mchana utakuwa 40, na mivumo ya ghafla ya 50. Wa Volunteer Point mnarudi jeti saa ngapi? Mtu akajibu kutoka viti vya nyuma: saa tisa. Nahodha akasema, basi ndiyo hivyo.

Kisha akaeleza kitu ambacho mimi, niliyekulia Mombasa, kilinipendeza kwa namna yangu. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Upepo wa noti 40 unaisukuma meli mara nne ya ule wa noti 20. Na meli hizi za siku hizi ni ndefu karibu mita 300, zimepanda ghorofa juu ya ghorofa, ubavu wake ni uwanja mzima uliosimamishwa wima. Nahodha wa jahazi, upepo ukimzidi, anatua tanga. Huku tanga ni meli yenyewe, haiwezi kushushwa. Nanga inaweza kuanza kukokoteka, na ghuba ina miamba pande zote. Ikifika hapo inabidi meli ing'oe nanga itoke bahari kuu, na waliobaki mjini wabaki. Stanley haina watu elfu tatu. Ukiwaachia wageni elfu mbili usiku, wenye dawa zao chumbani na wasio na hata mswaki, utawalaza wapi?

Ukumbi ulinyamaza. Yule bwana wa mashua alikuja baadaye mezani akasema tu, "Angeanza na hayo." Na alikuwa na haki. Tangu siku hiyo naamini nusu ya hasira za abiria haitengenezwi na upepo, inatengenezwa na tangazo. Neno "usalama" limetumika mpaka limechakaa. Viwanja vya ndege vinalitumia, benki zinalitumia, mtu akilisikia anajua kuna kitu anafichwa. Mpe saa na mpe namba. Mwambie saa nane, noti 40. Hatafurahi, lakini hataondoka akidhani umemfanya mjinga.

Na uamuzi ule ni wa nahodha kweli, si maneno ya kupamba. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, katika sura ya 5, kanuni ya 34-1, unakataza mwenye meli, aliyeikodi au kampuni inayoiendesha kumzuia nahodha asifanye uamuzi anaouona kitaalamu ni wa lazima kwa usalama wa watu na bahari. Ofisi ya kampuni inaweza kununa. Inaweza kumpigia simu na kumuuliza maswali. Kumlazimisha ateremshe boti haiwezi.

Watu huuliza: na kama kuna gati, si mnafunga kamba tu? Gati halimalizi maneno. Tarehe 27 Agosti 2023 meli ya Uingereza iitwayo Britannia ilikuwa imefungwa gatini Palma de Mallorca, dhoruba ikapiga, kamba zikakatika, meli ikasukumwa na kugongana na meli ya mafuta. Abiria wachache waliumia, si vibaya. Hiyo ilikuwa bandarini, mchana, katika mwezi ambao watu huenda Mallorca kuota jua. Na kuruka bandari nako si kinga. Machi 2019 meli ya watalii Viking Sky iliiruka bandari ya Bodø, kaskazini mwa Norway, kwa sababu ya hali ya hewa, ikaendelea kusini, na tarehe 23 mitambo yake yote ikazimika karibu na miamba ya Hustadvika ikiwa na watu 1,373. Helikopta zilibeba 479 kati yao mmoja mmoja kabla meli haijafika bandarini. Mafuta ya kulainisha injini yalikuwa kidogo kwenye matangi yake, na meli ilipoyumba sana pampu hazikuyafikia. Tukio lile lilikuwa likitajwa kwenye mafunzo yetu ya usalama, na baada ya kulisikia sikuwahi tena kuuliza kwa nini mhandisi mkuu anahudhuria kikao cha hali ya hewa.

Nirudi Stanley. Kati ya watu mia kadhaa niliowahudumia siku ile, wawili nawakumbuka kwa nyuso.

Mmoja alikuwa Mwingereza mwenye mvi, mrefu, aliyesubiri foleni yote bila kusema neno. Mwaka 1982 alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, na rafiki yake amelala San Carlos. Alikuwa amepanga dereva wa kisiwani ampeleke na kumrudisha. Hakuja kulalamika. Alitoa mfukoni msalaba mdogo wa mbao wenye ua jekundu la poppy, wa aina ambayo Waingereza huuchomeka makaburini, akauliza kama kuna boti yoyote, hata ya rubani wa bandari, inayoweza kuupeleka jeti. Haikuwepo. Nilimpigia simu ofisa wa zamu juu, akanijibu kwa huruma kwamba hakuna kitakachogusa ubavu wa meli tena leo. Yule mzee akatikisa kichwa kama mtu anayejua maana ya amri. Akaniuliza angeweza kuutuma kwa posta kutokea wapi. Nikafikiri. Ushuaia ni Argentina, na kutuma kutoka pale msalaba wa askari wa Uingereza uende Falkland, hata kama posta ingeupokea, yeye mwenyewe hakupendezwa. Tukakubaliana Punta Arenas, Chile, ambako ndege za kwenda visiwani hupita. Nilimtafutia bahasha nene, akaandika jina la dereva na neno Stanley. Kisiwa kile hakihitaji anwani ndefu zaidi ya hiyo.

Wa pili alikuja alasiri, foleni ilipokuwa imekwisha. Mama wa Kiargentina, pengine miaka 65, akizungumza Kihispania taratibu ili nimfuate. Kaka yake alikuwa mwanajeshi wa kulazimishwa, na kwa miaka mingi kaburi lake pale Darwin lilikuwa mojawapo ya yale yaliyoandikwa kwamba aliyelala hapa ni askari wa Argentina ajulikanaye na Mungu tu. Mwaka 2017 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu walianza kuwatambua wale askari kwa vipimo vya vinasaba, na hatimaye familia yake ikapewa kaburi lenye jina. Ndugu walichangishana nauli ili yeye aende kwa niaba yao wote. Alichotaka kwangu ni barua. Karatasi yenye nembo ya meli inayosema kwamba siku fulani meli ilifika Stanley na haikuteremsha mtu. "Sitaki wadhani nilipotea Buenos Aires na pesa zao," akasema, akacheka kidogo.

Niliiandika barua ile. Wale wawili hawakukutana mbele yangu, na kwa kanuni za mapokezi sikuwa na ruhusa ya kumwambia mmoja habari za mwingine. Sijui kama wangetaka.

Huko chini kwa wafanyakazi siku ilikuwa na sura nyingine. Siku ya bandari ndiyo siku yetu ya kupumua. Abiria wameteremka, mgahawa wa mchana una watu kidogo, mabwawa matupu, wahudumu wanapokezana kulala saa mbili tatu. Jikoni huandaa chakula kidogo kwa sababu wanajua watu watakula nje. Bandari ikifutwa saa mbili asubuhi, ghafla kuna abiria elfu mbili wenye njaa na kinyongo, na nyama bado imeganda kwenye friza. Kaka mmoja wa Kisauni aliyekuwa mpishi alinipigia simu mezani akaniambia maneno matatu tu, "Dada, leo tumeliwa," akakata. Watu wa burudani walikusanya mchezo wa bingo, darasa la kukunja taulo, mashindano ya maswali, chochote. Wapiga piano walipiga mchana kutwa. Wasafisha vyumba hawakuweza kuingia vyumbani, maana wenyewe wamo ndani wamelala kwa hasira.

Na kulikuwa na hili la ratiba. Watu walidhani tukiikosa Stanley tutafika Ushuaia mapema tukae siku mbili. Gati la Ushuaia lina miadi, meli nyingine imelikalia, na zamu yetu ilikuwa siku yetu. Kwa hiyo tuliyatembeza yale maji polepole, na usiku ule upepo aliouahidi nahodha ulifika wote bila kupunguzwa hata noti moja. Mapokezi tuliweka mabakuli ya matofaa ya kijani na biskuti kavu, tangawizi ikaisha, mifuko ya karatasi ikatundikwa kando ya ngazi zote. Saa sita usiku yule mama wa kasino alipita akijishikilia ukutani, akaniangalia, akasema, "Tungekuwa kwenye boti sasa." Sikumjibu. Niliona inatosha.

Swali la pesa ndilo lililojaza siku tatu zilizofuata, na hapa nisemapo ni kwa yeyote anayefikiria safari ya namna hii, maana Waswahili tunaosafiri nao tumeanza kuwa wengi, hasa walioko Uingereza na Marekani. Mkataba wa tiketi, ile karatasi ambayo hakuna aisomaye, huipa meli haki ya kubadili au kuruka bandari bila kukulipa fidia. Kinachorudi kwa kawaida ni ada na kodi za ile bandari, ambazo ni kiasi kidogo mno kuliko watu wanavyotarajia, na huingizwa kwenye salio lako la melini. Nimeshuhudia mtu aliyelipa maelfu ya pauni akiangalia salio hilo na kuuliza kama sufuri imeanguka njiani. Ziara uliyonunua kwa meli inarudishwa yote. Ziara uliyopanga mwenyewe na dereva wa nje ni kati yako na yeye. Madereva wengi wa bandari za boti, kama Stanley au George Town kule Cayman, ni waungwana, wanajua maisha yalivyo, na hawakutozi kama meli haikufika. Wengi si wote. Muulize kabla hujatuma amana, na jibu lake liwe la maandishi.

Halafu bima. Uingereza bima nyingi za safari za meli zina kifungu cha bandari iliyokoswa, kinacholipa kiasi fulani kwa kila bandari. Watu wakifika mezani wanakitaja kwa ushindi. Nikawa nawaomba wasome mstari wa chini yake, maana baadhi ya bima zinasema hazilipi pale ambapo meli ilifika ila ikashindwa kuteremsha watu kwa boti. Stanley ni hivyo hasa. Mstari huo mmoja unaamua yote, nao umeandikwa kwa herufi za kumfaa siafu.

Mtu akiniuliza leo kama achukue safari ya kule, namwambia achukue, lakini kwanza atazame kwenye ratiba ni bandari zipi za boti na zipi za gati. Kampuni nyingi huziwekea alama, nanga ndogo au herufi pembeni. Kama kitu unachokifuata kiko kwenye bandari ya boti, na kama ni kitu cha maisha, cha kaburi au cha nadhiri, usikiweke kwenye siku moja ya meli. Tafuta ndege, hata kama ni ghali, ukae wiki, upepo uje uondoke ukukute upo. Kama ni pengwini tu, meli inafaa sana. Ukiwakosa Stanley kuna wengine upande wa Punta Arenas.

Na bandari ikirukwa, omba barua. Meli nyingi zitakupa, ila hazikupi bila kuombwa. Iwe na tarehe, jina la bandari, sababu, na iseme wazi kama meli ilitia nanga au haikutia, maana bima wataliuliza hilo kwanza. Iombe ukiwa bado melini, mbele ya karani aliyekuwepo siku hiyo. Ukishateremka na masanduku, utaandikia ofisi ya nchi kavu, nao watakuomba barua kutoka melini.